Neno la Bi Mwanarusi Baada ya Ushindi

Siku hizi kila mwenye simu ni mchambuzi wa soka. Timu ikishinda, anawamwagia sifa hadi waokota mipira. Ikifungwa, anamtukana kocha na ukoo wake. Mimi huzima redio. Nimezoea uchambuzi wa aina nyingine, unaotolewa Makadara, hapa Mombasa, kando ya karai la viazi, na mwanamke ambaye hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya.

Jina lake ni Mwanarusi, mzaliwa wa mtaa wa Kuze, na hata waliomzidi umri humwita Bi Mwanarusi. Kwa miaka zaidi ya arubaini amekaanga viazi karai na bajia pale pale, na kwa miaka hiyo hiyo ameshabikia Nyota ya Bondeni, timu yetu, ambayo haijawahi kuonekana kwenye televisheni na pengine haitaonekana. Siku ya mechi humwachia karai mdogo wake Zakiya, hujitanda leso juu ya buibui, hushika kikapu chake na kwenda kiwanjani. Mechi ikiisha hurudi, huosha mikono, hushika kijiko chake cha matundu, nasi tunamzunguka, mashabiki na wachezaji na jasho letu.

Ana utaratibu wake. Timu ikifungwa hasemi kitu. Humkaribisha kila mchezaji, humpa pole na kumzidishia ukwaju. Aliwahi kuniambia kwamba mtu aliyefungwa kiwanja kimeshamwambia yote, hana haja ya kuambiwa na yeye. Timu ikishinda ndipo anaposema. Huanza na kipa na kumalizia na winga wa kushoto, kila mmoja na neno lake. Aliyecheza vizuri ni "meteza", kwa Kimvita chake, yaani amecheza. Asiyecheza vizuri ni "alikuwako". Basi, hakuna la tatu. Na lazima amalize kabla ya adhana ya magharibi.

Mimi neno hilo lilinitia aibu mapema. Nilikuja Mombasa mwaka wa themanini na nane kutoka Machakos, karani wa reli, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Mechi ya kwanza niliyoshuhudia tukishinda, Bi Mwanarusi alimtaja beki mmoja mnene aitwaye Nicanor, akasema alikuwako. Nikadhani anasifiwa, kwamba kila alipohitajika alionekana. Nikamwendea mbele za watu, nikampa mkono na kumwambia hongera ndugu yangu, umesikia, ulikuwako. Nicanor alinishika ule mkono na hakuuachia, na uso wake haukuwa wa mtu anayepongezwa. Watu wawili walinivuta nyuma huku wengine wakicheka hadi kushika mbavu.

Aliyeniokoa ni Chonga, mume wa Bi Mwanarusi, ambaye ndiye aliyekuwa winga wetu wa kushoto. Alinivuta kando, akaniwekea kiazi cha moto kwenye kiganja, akaniuliza kiko wapi. Nikasema kiko mkononi, na kinaniunguza.

"Kipo mkononi," akanisahihisha. "Po ni hapa, ninapotia kidole. Ko ni huko, kwenye karai, kwa jirani, sijui wapi. Mke wangu akisema ulikuwako, maana yake jezi yako ilionekana mahali fulani kiwanjani."

Sisi watu wa bara, ko na po na mo kwetu ni ndugu watatu wanaoazimana shati moja. Lakini somo la Chonga sikulisahau, kwa sababu lilinichoma.

Chonga alikuwa Mdigo wa ng'ambo ya Likoni, mwembamba, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko vichwa vya wengi wetu. Watu wa Kuze walinung'unika Mwanarusi alipomkubali mcheza mpira, kisha wakawa wa kwanza kumshangilia. Nyumbani alikuwa mume. Pale karaini alikuwa mchezaji kama wengine. Mara mbili nilimsikia mkewe akimwambia mbele za watu kwamba alikuwako, naye akala bajia zake kichwa chini, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kiwanja hakikuwa na ukuta wakati ule. Tulikaa juu ya matofali, tukila machungwa yaliyomenywa, na Chonga akipata mpira tulisimama kabla hajafanya lolote. Naitamani miaka ile, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka wa tisini na tatu, akiwa na miaka thelathini na sita na goti lililokuwa likivimba, Chonga alifunga bao la ushindi katika mechi ya mwisho. Tukambeba mabegani hadi Makadara. Mkewe akasema meteza. Wiki hiyo hiyo Chonga akatia sahihi kwa msimu mwingine, na huo ulikuwa msimu mbaya. Mechi tatu alizomewa na watu wale wale waliombeba, wakamrushia maganda ya machungwa. Ya nne goti likaachia, akatolewa juu ya ubao wa mlango. Baada ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alizunguka njia ya mbali kwenda kwake ili asikione kiwanja. Aliporudi kutazama mpira mvi zilikuwa zimeshamwanza. Alikaa kushoto kwa mkewe na hakusema mengi. Alifariki miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo mahali pake juu ya ngazi za saruji Bi Mwanarusi huweka kikapu. Hakuna anayethubutu kukisogeza.

Sasa nahodha wetu ni Ngowa. Niseme alikuwa, maana habari yenyewe ndiyo hiyo. Ngowa naye ni winga wa kushoto, na krosi zake alifundishwa na Chonga katika ile miaka ya kurudi kwake. Ana miaka thelathini na saba na anafanya kazi kwenye depo ya makontena, kazi ya kupanda na kushuka kutwa. Goti lake la kulia lilianza kumsumbua msimu uliopita. Kamati ilimtaka aseme baada ya mechi ya mwisho kama anatia sahihi tena au anaacha. Mkewe Mercy alitaka aache. Vijana wa timu walitaka abaki. Yeye mwenyewe alikuwa hajui anataka nini, na Alhamisi kabla ya mechi akasimama mbele ya karai na kusema mbele yetu sote kwamba atafuata neno la Bi Mwanarusi. Akiambiwa meteza, anatia sahihi. Akiambiwa vingine, anavua viatu.

Bi Mwanarusi alikuwa anageuza bajia, na nilikiona kijiko kikisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Jumapili tulicheza na timu ya Changamwe. Nitawaambia nilivyoona mimi. Tulianza vibaya, dakika ya ishirini walipata kona, Saif wetu akatoka golini akipiga ngumi hewa, na mpira ukawa wavuni. Katikati ndiko tulikopona, kwa sababu kiungo wetu Riyadh alikuwa akiuomba mpira hata akiwa amezungukwa na watu watatu. Mshambuliaji wetu Odera akasawazisha kwa kichwa kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili tulisukumana tu, hadi dakika ya themanini na sita, mpira ulipombabatiza beki wao na kumkuta Ngowa amesimama ndani ya boksi. Akausukuma ndani. Mbili kwa moja. Kiwanja kilisimama, na kabla refa hajatia filimbi mfukoni Ngowa alikuwa juu ya mabega ya watu. Mimi nami nilishika mguu wake mmoja, mzee mzima, nikipiga kelele, kwa kuwa nilikuwa nimeiona siku kama ile zamani na nilitaka sana irudi.

Pale karaini wakamkalisha juu ya kreti la soda, mguu ameunyoosha. Bi Mwanarusi akaosha mikono, akaanza. Saif meteza; bao lile, alisema, ni la mabeki waliomwacha peke yake. Arnold alikuwako. Riyadh meteza sana, na hilo "sana" hatukuwa tumelisikia tangu mwaka juzi. Akaenda hivyo hivyo hadi wakatimia kumi. Ukabaki mlio wa mafuta.

"Ngowa," akasema, akajifuta mikono kwenye leso. "Alikuwako."

Hakuna aliyecheka. Aliyelipuka ni mimi. Nilimwambia Bi Mwanarusi kwamba huyu ndiye aliyefunga, kwamba bila yeye tungekuwa tunapewa pole na ukwaju saa ile, na nikaongeza kwamba labda uzee umemfika machoni. La mwisho hilo nalijutia mpaka leo.

"Mato yangu yaona, Kioko," akanijibu kwa upole. "Mpira ulimwendea yeye, yeye hakuuendea mpira. Kipindi cha pili chote beki wao yuwampita, naye yuwalishika goti akidhani hatumwoni."

Kisha akanipa mgongo, akamgeukia Ngowa.

"Mwaka ule Chonga alifunga kama ulivyofunga leo. Nami niliona wazi kwamba alikuwako tu. Nikamwambia meteza, kwa kuwa ni mume wangu na watu walikuwa wamembeba. Ni neno langu lililomrudisha kiwanjani, si kamati. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiizunguka njia yake ya nyumbani, nami nyumbani namngoja, najua sababu. Weye sikufanyii vile, mwanangu."

Miaka yote hiyo nilikula viazi vyake na sikuwahi kujua kwamba alikuwa amebeba jambo hilo. Ngowa aliinama, akafungua kamba za viatu, akavivua na kuzifunga kamba pamoja. Akasema ahsante mama, akaenda zake na soksi mguuni na viatu begani. Adhana ikaanza. Zakiya akafunika karai.

Watu walikasirika. Wapo waliohama na kwenda kula kwengine, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa wiki tatu nilikula viazi vya mtu wa upande wa pili wa barabara, na vikanipa kiungulia kila siku, nikarudi. Bi Mwanarusi alinipakulia bila kuniuliza nilikuwa wapi. Ngowa hakuonekana kabisa. Nilisikia kwamba akitoka depo anapitia njia nyingine, na habari hiyo ilimfikia Bi Mwanarusi pia. Siku hiyo aliunguza bajia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Msimu mpya ukafunguliwa. Jumapili ya kwanza Bi Mwanarusi alikaa pale pale kwenye ngazi, kikapu kushoto kwake, mimi ngazi ya nyuma. Timu ilikuwa inapasha moto miili nilipomwona Ngowa anapanda, shati limepigwa pasi, mguu akiuvuta kidogo. Alisimama mbele yetu kama mtu aliyesahau alichofuata.

Akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Bi Mwanarusi akatazama kiwanja, kisha akanyoosha mkono kushoto, akakinyanyua kikapu na kukipakata. Ngowa akakaa. Nilijifanya natafuta kitu chini, maana macho yalikuwa yameniingia maji.

Mchezo wenyewe ulikuwa mbovu, tena mbovu sana. Pasi hazikufika, na winga wetu mpya wa kushoto alikuwa akikimbia na mpira hadi unamwishia nje. Ngowa hakutulia, mikono yake ilikuwa ikicheza pale pale alipokaa. Wakati wa mapumziko alishuka, nikamwona amemshika yule kijana begani, anamwonyesha kwa mguu wake mbovu mahali pa kusimama kabla ya kupiga krosi. Kipindi cha pili krosi ikaja kutoka mahali hapo hapo, Odera akatia kichwa. Moja bila. Ngowa hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono imetulia juu ya magoti.

Karaini Bi Mwanarusi alianza na kipa, na siku hiyo waliokuwako walikuwa wengi kuliko waliocheza. Winga mpya aliambiwa meteza, akashika uso kwa mikono miwili. Tukadhani yameisha. Odera, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akauliza kwa utani: na Ngowa je? Ngowa alikuwa amesimama nyuma ya watu, na nilimwona ameacha kutafuna.

Bi Mwanarusi akaitoa bajia moja kwenye mafuta, akaichuja, akaiweka.

"Ngowa alikuwapo," akasema.

Odera akacheka, akidhani ni lile lile la siku zote. Na wengine, hasa wenzangu wa bara, walicheka naye. Ngowa hakucheka. Alikuwa ameisikia ile po, nami niliisikia, kwenye kiganja, pale pale kiazi cha Chonga kiliponichoma. Nikapenya katikati ya watu, nikampa mkono na kumwambia hongera, umesikia, ulikuwapo. Akaushika na hakuuachia, na safari hii hakuna aliyenivuta.