Bikira Maria Mgongoni Mwangu

Mfuko wa simenti ukishamwagwa na kukung'utwa, karatasi yake hubaki na harufu ya mvua inayoanza kupiga mavumbi. Ukiiweka kwenye ulimi, kama nilivyofanya nikiwa mdogo kwa sababu ambayo hata mimi siijui, inakauka mdomoni na kushika kama gundi. Wiki iliyopita nilipita mahali wanapojenga, mfuko mmoja ukapeperuka mpaka miguuni mwangu, na ile harufu ikaniingia puani. Nikasimama pale pale. Nilirudi kuwa na miaka kumi na moja, nimepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yetu hapa Likasi, na makasi mkononi.

Papa alikuwa anafanya kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Alirudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope, na mara nyingi alileta mifuko mitupu, ameikunja vizuri kwapani. Tuliitumia kwa kila kitu: kufunika vitabu vya shule, kuziba dirisha lililovunjika, kuwashia moto. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. Mama alikuwa amekwenda Kolwezi kutafuta maisha, ndivyo tulivyosema, na alikuwa ameondoka tangu mvua za mwaka uliopita. Papa hakuwa mtu wa maneno. Akirudi ananiuliza, "Ulikula?" Nami namjibu, "Nilikula." Hapo mazungumzo yetu ya siku yamekwisha, na tunasikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.

Upande wa pili wa barabara aliishi Mama Kapinga, mshonaji. Alikuwa mama mnene wa Kasai, mwenye sauti ya kugombana hata anapokusalimia, na mashini yake ya miguu ilikaa kwenye baraza kuanzia asubuhi. Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Nilisimama kwenye uzio wetu na kutazama. Nilitazama kitambaa kinavyoingia upande mmoja kikiwa vipande na kutoka upande mwingine kikiwa nguo, na nilipenda sana, maana kwetu mambo yalikuwa yanakwenda kinyume chake.

Siku moja akaniita bila hata kuinua kichwa.

"Weye mutoto wa uzio, macho yako ingali mupya. Kuya uniwekee uzi ku sindano."

Basi nikawa mtu wa kumtia uzi kwenye sindano. Macho yake yalikuwa yameanza kumdanganya, lakini hakutaka wateja wajue, kwa hiyo kila jioni nilimwandalia sindano kumi na uzi wake, zimechomwa kwenye kimto kidogo cha kitambaa, na kesho yake alijifanya amezitia mwenyewe. Kwa malipo aliniacha nitazame kwa karibu. Alinifundisha kukata, kwa karatasi za mifuko ya papa, ili nisiharibu kitambaa cha mtu. Alikuwa na msemo wake: "Makasi haiombake pole." Maana yake, ukishakata umekata.

Gauni la kwanza alilonionyesha ndilo jepesi kuliko yote. Unakunja kitambaa katikati, mkunjo unakaa juu, kwenye mabega. Unakata tundu la shingo katikati ya mkunjo, unachonga mikono na kiuno pande mbili, halafu unashona ubavuni tu. Mbele na nyuma ni kipande kimoja, hakuna mshono begani. Nilikata magauni ya karatasi labda ishirini. Niliyapanga ukutani chumbani mwangu, na upepo ukiingia yalikuwa yanachakarika kama watu wanaonong'ona. Msinicheke. Usiku mwingine niliyasalimia.

Sasa, parokiani kwetu kuna wasichana wanaocheza kwenye misa, wale wanaopanga mistari mbele ya altare wakati wa Gloria na wakati wa matoleo. Nilikuwa mmoja wao. Mnaweza kujiuliza mtoto wa haya alitafuta nini pale. Lakini katika mstari hakuna anayekutazama wewe, watu wanatazama mstari. Tena kulikuwa na ahadi. Mama alikuwa amepiga simu na kusema atakuja kwa sikukuu ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria, aje anione nikicheza.

Kwa sikukuu ile parokia ilitoa kikwembe chake, kitenge cha buluu, chenye picha ya Bikira Maria ndani ya duara, amefungua mikono, na duara hizo zimetapakaa kitambaa kizima. Yaya Clarisse, msichana mkubwa aliyetuongoza, alisema kila mmoja alete gauni la kikwembe kile. Asiye nalo atakaa kwenye viti pamoja na watu. Wenzangu wakaanza kusema mama zao watawapeleka kupimwa kwa Mama Kapinga. Béatrice, aliyekuwa anacheza nyuma yangu, akaniuliza kama na mimi nitapelekwa.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale kwamba mama hayupo. Wao walikuwa wa mitaa mingine, hawakujua. Na midomo yangu, ambayo siku nyingine haitoi neno hata ukiivuta, ikasema: "Minye, mama njo atanishonea." Yaani mama ndiye atakayenishonea.

Mnaona shimo nililojichimbia. Papa alinunua kikwembe, mita mbili kamili, akakiweka juu ya kitanda changu. Lakini kwa Mama Kapinga sikuweza tena kukipeleka, kwa sababu barazani kwake wenzangu wote walikuwa wanapimwa na mama zao, na wangeniona. Hata kwenda kumtilia uzi niliacha. Nilijificha nyumbani nikashona mwenyewe, kwa mkono, mchana baada ya mchana, mlango nimeufunga. Nilitaka mishono ionekane kama ya mama. Sijui mishono ya mama inaonekanaje, maana mama yangu hajawahi kushona hata kifungo, lakini nilikuwa na picha yake kichwani: midogo, iliyonyooka, isiyo na haraka. Nilifumua na kurudia. Vidole vyangu vya kushoto vilijaa vitundu, na nikishika ndimu nililia.

Kikwembe kile kilikuwa cha kawaida, rangi upande mmoja tu, ndani kimepauka mpaka picha inaonekana kama moshi. Na mshonaji hushona nguo ikiwa nje-ndani. Kwa hiyo siku zote zile nilikuwa nashona moshi. Nilipomaliza nikaigeuza, nikaitandaza kitandani, mbele ikiwa juu. Bikira Maria alikuwa amesimama kifuani, katikati kabisa, mikono wazi. Nilijisikia fundi.

Nyumbani tulikuwa na kioo kimoja, cha papa cha kunyolea, kidogo kama kiganja. Asubuhi ya sikukuu nilijitazama shingo, kisha kifua, kisha tumbo, kipande kwa kipande. Mgongo hauonekani kwenye kioo cha namna hiyo. Na papa alikuwa zamu ya usiku, angepita kanisani moja kwa moja kutoka kazini. Nilitoka nikafunga mlango, nikaenda.

Tulijipanga nje ya kanisa, nyuma ya sakristia. Baridi ya mwezi wa nane ilikuwa inauma mikono. Nilikuwa natazama barabara, kila mama aliyeshuka kwenye pikipiki nilimtazama miguu kwanza, maana mama anatembea akitupa mguu wa kulia kidogo. Nyuma yangu nikasikia kicheko kilichobanwa, kisha kingine. Halafu Béatrice akasema, si kwa ubaya kabisa, zaidi kwa mshangao:

"Ee Mireille. Bikira iko kichwa chini ku mugongo yako."

Wote wakaja kuona. Mimi nilijizungusha kama mbwa anayefuata mkia wake. Nilielewa hapo hapo, na nyinyi labda mmeshaelewa kabla yangu. Ukikunja kitambaa begani na kukikata kipande kimoja, picha iliyosimama wima mbele inapinda juu ya bega na kushuka nyuma ikiwa imepinduka. Mfuko wa simenti niliojifunzia ulikuwa karatasi tupu, hauna kichwa wala miguu. Kikwembe kina kichwa. Kila mama wa hapa anajua hilo: cha picha lazima kikatwe begani na nyuma ipinduliwe, na uangalie sura ya mtakatifu isije ikaangukia mahali pa kukalia. Mgongoni mwangu Bikira Maria watano au sita walikuwa wananing'inia kama popo.

"Ni mama yako njo alishona hivi?" mmoja akauliza. "Mama yako anaona muzuri kweli?"

Wakacheka. Nilikuwa na njia rahisi sana. Ningesema ndiyo, na kicheko kingemwendea mama, ambaye hayuko kukisikia. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Lakini niliwaza: kama akishuka sasa hivi kwenye pikipiki, atakuta wanamcheka kwa kazi ambayo si yake.

"Mama haiko," nikasema. "Alikwenda Kolwezi tangu mwaka jana. Minye njo nilishona."

Kicheko kikafa. Hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Béatrice akaanza kutazama viatu vyake. Yaya Clarisse akaja, akanishika mabega, akanigeuza, akatazama mgongo. Nilingoja aniambie nikae kwenye viti. Akasema nitakaa mwisho wa mstari, karibu na altare, na kwamba wenzangu wakigeukia altare mimi nisigeuke.

"Weye utabaki tu unaangalia bantu. Umesikia?"

Hivyo ndivyo nilivyocheza. Wimbo ulipofika mahali pake wasichana wote waligeuka kwa pamoja, migongo yao ya buluu kwa watu, na mimi peke yangu nikabaki uso kwa uso na kanisa zima. Aliyemwona Bikira Maria kichwa chini alikuwa padri tu, na kama aliona hakusema. Mimi niliwaona watu wote. Nilipitisha macho benchi kwa benchi, upande wa wamama, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama hakuwepo. Nilimwona papa, amesimama karibu na mlango na nguo za kazi, mweupe, amekumbatia kofia yake. Macho yetu yalikutana. Ilikuwa zamu yangu kupiga makofi, nikakosa.

Tulipotoka tukicheza kwenda mlangoni hakukuwa tena na ukuta wa kunificha mgongo. Nilimpita papa karibu kabisa. Najua alipoona, kwa sababu nilisikia akivuta pumzi.

Nje watu walisalimiana, wakapiga picha. Kwa kawaida papa hutembea mbele, hatua ndefu, na mimi namkimbilia nyuma kama kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Siku ile alikuja, akasimama, akanielekeza barabara kwa kidevu.

"Tangulia. Minye nitakuya nyuma."

Nikatangulia. Nilisikia viatu vyake vya kazi nyuma yangu, karibu sana. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikipunguza, anapunguza. Watu walimsalimia, "Papa Mireille, bonne fête," sikukuu njema, naye aliitikia bila kusimama na bila kunipita. Mama mmoja wa soko alitaka kuniita kutoka nyuma, papa akamjibu kwa niaba yangu. Njia ya kwetu ni ndefu, inapanda kisha inashuka, na sikugeuka hata mara moja. Nilikuwa nalia bila kujifuta, ili asione mkono ukipanda usoni. Niliamini papa ameona haya kutembea pamoja nami. Niliamini hataki watu wajue kwamba yule mtoto ni wake.

Tulipofika aliniuliza, "Ulikula?" Nikasema nilikula. Gauni nikalikunja, nikaliweka chini ya kila kitu. Mama hakupiga simu siku ile. Alikuja baadaye, mara mbili, kama mgeni, na sasa tunajua ana nyumba nyingine kule, na tumezoea kusema hivyo hivyo bila kuzunguka.

Baadaye nilirudi kwa Mama Kapinga. Alinifundisha mshono wa begani, akanitukana vizuri. Lakini jambo hili si la ushonaji.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, shuleni, saa ya kutoka. Msichana wa darasa langu, ambaye sikuwa nimeongea naye hata mara tatu mwaka mzima, aliinuka kutoka kwenye benchi na sketi yake ya buluu ikawa na doa nyuma. Hakujua. Uwanjani wavulana walikuwa wamejaa. Nilimfuata mlangoni, nikamnong'oneza, akawa wa majivu usoni. Sikuwa na fulana ya kumfunga kiunoni, sikuwa na kitu. Nilikuwa na mwili wangu tu.

"Tangulia," nikamwambia. "Minye nitakuya nyuma."

Tukavuka uwanja hivyo, yeye mbele, mimi nyuma yake karibu mpaka nakanyaga visigino vyake. Nikajifanya mpana. Mtu aliponiita sikugeuka, maana ningegeuka ningefungua nafasi. Tulikuwa tumeshafika kwenye lango ndipo nikasikia maneno niliyoyasema ni ya nani.

Daftari la mwaka wa sikukuu ile ninalo bado. Siku ile niliandika mstari mmoja tu: "Leo nimerudi kutoka kanisani peke yangu."