Nikaha Yangu na Waya wa Kuanikia Nguo

Kuna watu Mkunazini mpaka leo wakiniona napita huniuliza, "Ee Idi, leo unamkimbia nani?" kisha wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi hucheka nao maana nikinuna ndiyo wanazidi. Aibu ni yangu, sikatai. Lakini sikuifanya peke yangu, na kwa kuwa wenzangu wamenyamaza miaka yote hii wameniachia niibebe mwenyewe, leo nnawataja: Jafari muuza redio wa Darajani, Haji Pandu aliyekuwa mshirika wangu wa kazi, na Bi Mwanakombo, shangazi wa mke wangu (Mungu amzidishie umri, lakini nnamtaja).

Kazi yangu ilikuwa kukodisha spika. Shule niliiacha darasa la tano, redio nikajifunza kwa kuzifungua na kuziharibu, na kufika miaka ya tisini nilikuwa na mashine moja ya kukuzia sauti, spika mbili na maikrofoni, na hapana maulidi wala arusi ya mtaani ambayo sikuitwa. Ndivyo nilivyomuona Zuhura, katika arusi ya watu, nami nimepiga magoti navuta waya. Babaake, Mzee Nassor, alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu ambaye mashamba yao ya Mangapwani yalishakwenda zamani, akiuza vitambaa, na kilichobaki cha utajiri ni ile namna yake ya kukutazama kuanzia viatu kwenda juu. Mimi babangu alitoka Tabora kuja kuchukua magunia bandarini. Kwa hivyo mnaelewa alivyovitazama viatu vyangu.

Alikubali kwa sababu Zuhura mwenyewe alinitaka, na kwa sababu nyengine ambayo haikusemwa kwa sauti. Mchumba wake wa mwanzo siku ya nikaha hakutokea. Watu wamekaa, sheikhe kafika, pilau imeiva, mtu hayupo! Alikuja kusikika Mombasa. Basi Zuhura akaniletea salamu kwa mdogo wake: "Mwambie Idi, siku hiyo nataka nimsikie kwa masikio yangu akisema nimekubali. Sitaki kuja kuambiwa na mtu."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka dhahabu, hakutaka kitanda cha besera. Nikasema, kwa mimi mwenye spika, hilo si jambo.

Nikaha ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri katika nyumba ya ami yake, wanaume chini ukumbini, na wanawake wawe kwao kina Zuhura, ghorofa ya juu kabisa, nyumba inayoielekea ng'ambo ya kichochoro. Mashine ingekaa chini na spika ingekuwa juu kwa wanawake. Shida ni waya. Wangu wa siku zote (waya wa taa tu, ule mwembamba wa nyuzi mbili, na ulikuwa ukifanya kazi vizuri) ulikuwa umeliwa na panya. Nikaenda kwa Jafari. Jafari akanitolea waya mnene kama kidole, umevikwa plastiki inayoonesha ndani, akaniwekea mkononi pole pole kama ananipa mtoto mchanga.

"Huu umetoka Dubai," akasema. "Shaba tupu. Mwengine wowote sauti inapotelea njiani."

"Inapotea inakwenda wapi?"

"Inapotea tu, Idi. Weye hukusoma, niamini mie niliyesoma."

Bei aliyonitajia ilikuwa inatosha kununua mbuzi wa pilau na mwenzake wa kumliwaza. Waya wa taa alikuwa nao, upo nyuma yake kwenye msumari, mimi nnauona, lakini ameshanitia maneno, nikaogopa kuwa nikiuchukua huo sauti yangu itapotelea kichochoroni Zuhura asiisikie. (Hilo ndilo kosa la Jafari. Angeniuzia wa taa nisingekuwa naandika haya.) Nikatoka mikono mitupu na roho imenishuka.

Haji Pandu nilimkuta nje ya nyumba ya ami, kasimama kichwa juu, anatazama angani.

"Yakhe, unatafuta mwezi mchana?"

"Natafuta waya," akasema, "na nshaupata."

Baina ya nyumba ile na ya kina Zuhura, juu ya kichochoro, zilipita waya mbili za kuanikia nguo, za chuma, ziko sambamba, zimefungwa kwenye mbao za madirisha huku na huku. Tunaunga chini, tunaunga juu, kichochoro kimeshavukwa.

"Haji, zile za nguo."

"Umeme unajua kama ni za nguo?"

Nikaenda kuchukua koleo. Tukaunga, tukajaribu kwa kanda, sauti ikatoka juu safi kabisa, mpaka wanawake wakapiga vigelegele kabla ya wakati. Mzee Nassor akaja na bakora yake, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akanitazama usoni kabla ya viatu.

"Sauti nzuri. Waya gani huo?"

Hapa ulimi wangu ukateleza. "Wa Dubai, mzee. Shaba tupu."

Akawaambia wageni wote. Kila aliyeingia anamwambia, "Mkwe wangu katuletea waya wa Dubai," na mimi nimekaa na joho langu na kilemba nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye haya.

Alasiri ikaswaliwa, watu wakakaa. Sheikhe akasoma hotuba ya ndoa, na sisi wa chini tukiisikia sauti yake inaturudia vizuri kutoka dirisha la juu. Mzee Nassor akanishika mkono wa kulia, akaanza kwa sauti ya kutetemeka kidogo: "Idi, nakuozesha binti yangu Zuhura kwa mahari tuliyokubaliana..."

Wakati huo huo kule juu, Bi Mwanakombo alikuwa amemwagikiwa na sharubati ya zabibu kwenye buibui lake. Mwanamke msafi. Kalivua, kalisuuza kwenye ndoo, na bila ya kulikamua akalitundika pale wanapotundika nguo zao siku zote tangu kaoa babaake. Buibui limejaa maji, zito kama mkeka uliorowa. Waya zikalemewa, zikasogeleana, zikabusiana, na waya tupu zikigusana mashine ndiyo inayoungua.

Mimi nikasikia *krrr* juu, kisha kimya, kisha harufu. Mwenye mashine huijua harufu ile hata akiwa usingizini. Nikageuka, moshi unatoka kwenye mashine yangu! Haji ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na swichi alikuwa nje anakunywa kahawa. Nikauchomoa mkono wangu kwenye mkono wa Mzee Nassor (mniamini, sikufikiri), nikang'oa plagi, nikatazama juu kupitia dirishani nikaliona buibui limezilalia waya, na nikawaza jambo moja tu: Zuhura hanisikii.

Nikatoka mbio.

Sasa hebu jitieni mahali pa wanawake. Spika imekatika pale pale kabla ya jibu, wakakimbilia dirishani, wanaona nini? Bwana arusi na joho lake lililopandishwa magotini anatoka mbio mlangoni.

"Kakimbia! Wa pili naye kakimbia!"

Kikaanguka kilio huko juu kama cha msiba. Nyuma yangu wanaume nao wametoka, "Mkamate! Mkamate!" Muuza kahawa akanyoosha mguu kunitega, nikauruka, nikaingia nyumba ya kina Zuhura, nikapanda ngazi zile za giza tatu tatu, kilemba kikabaki kwenye misumari ya mlango. Nikaingia ukumbini.

Ukumbi wa wanawake. Vichwa wazi, mikono ina hina, na mimi bado si mume wa mtu yeyote.

"Mwanamme! Mwanamme!"

Nilipigwa kwa mrashi wa marashi, nikapigwa kwa mto, nikapigwa kwa kitu ambacho mpaka leo sikijui. Nikafika dirishani huku nasema samahanini, samahanini, nikalivuta buibui, likanimwagia maji yote kifuani.

"Buibui langu hilo, mwizi weye!" akapiga kelele Bi Mwanakombo.

Na kutoka chini kichochoroni ikaja sauti ya Mzee Nassor, kasimama na mashahidi wake, macho yamefuata waya kutoka dirisha hadi dirisha.

"Idi! Ndiyo waya wa Dubai huo? Huko Dubai nao wanaanikia mabuibui?"

Kichochoro kizima kikacheka. Nikatamani ukuta unimeze. Nikageuka, na pale kwenye mkeka, chini ya kanga iliyomfunika, nikaona jicho moja la Zuhura. Limejaa machozi, na sikujua kama ni ya hasira.

"Hukukimbia?" akauliza.

"Nilikimbilia huku. Spika ilikatika."

Akanitazama nilivyorowa, joho linachuruzika. "Basi nenda chini ukaseme. Nami nasikiliza."

"Bila ya spika?"

"Kwani huna mdomo?"

Nikashuka. Sheikhe akasema kikao kimevunjika, tuanze upya. Mzee Nassor akanishika tena mkono, safari hii akaukamata kwa mikono yote miwili, akayarudia maneno yake, na mimi nikavuta pumzi nikasema "NIMEKUBALI NDOA YAKE" kwa sauti ambayo kunguru wa paa la jirani waliruka wote. Kisha juu, vigelegele, na ndani ya vigelegele mtu mmoja anasema, "Nimekusikia!"

Kichochoro kile ukinyoosha mikono unashika nyumba zote mbili. Hakikuhitaji waya wa aina yoyote.

Mashine haikupona. Niliponunua nyengine nilirudi kwa waya wa taa wa kawaida, na nawaambia kwa kiapo hapana aliyewahi kulalamika sauti, Jafari atafute wajinga wengine. Haji tuligawana spika, kila mtu na yake. Bi Mwanakombo kila sikukuu hunikumbusha kuwa buibui lile halikurudia weusi wake. Na zile waya bado zipo, tunakaa pale pale kwao, Zuhura anaanikia nguo zangu, na nimeapa: mimi pale siungi spika tena, nitapeleka shati lililorowa tu, na nitalikamua kwanza.