Mukufu ya Kahindo Ingali ku Musumari

Admin wa hii kundi ya wamama, jina yangu usiiweke, na ya hawa wengine tumeibadilisha. Mimi ni mama mujane wa hapa Goma. Carte yangu ya kura inasema niko na miaka makumi saba na moja, lakini yule mwenye aliandika aliniangalia uso tu, akapima. Masomo sikufanya. Jirani yangu Mama Aline njo anaandika ku telefone yake, mimi naongea. Ananiambia nisiongee mengi. Tutaona.

Kazi yangu ni maperle. Si zile sakoche, mikoba ya shanga wasichana wanashona leo, hapana. Mimi natunga mikufu ya bibi harusi. Perle ya kweli wanasema inatoka mu bahari. Bahari sijaiona, najua ziwa tu. Yangu ni ya kioo, nzito, ukiishika asubuhi iko baridi kama jiwe ya mutoni. Uzi unaupakaza bougie kwanza, ule mushumaa. Unaingiza perle moja, unafunga fundo, unaisukuma na ncha ya sindano mupaka ibane. Ingine, fundo. Siku uzi inakatika, moja tu njo inaanguka. Vidole vinauma, macho inatoka maji, lakini ile dakika unainua mukufu na inashuka yenyewe bila kujikunja, we! Hata njaa unasahau. Fundo ya mwisho mimi siifungi. Mama wa bibi harusi njo anaifunga ku shingo ya mutoto wake, asubuhi ya ndoa. Bila ile fundo, mutoto hajatoka kwa mama yake. Hivyo njo nilifundishwa kule Butembo, na yule mama mwenye alinifundisha alikuwa mukali, sindano ikianguka unakula fimbo... Mama Aline anasema nirudi ku njia.

Nilikuwa na binti, Kahindo, moja tu. Tuliishi Kibati. Kijana mumoja wa kuuza mbao, Kasereka, alikuwa ameshaleta mbuzi za mahari kwetu, ilibaki padri tu. Njo vita ikafika. Tukakimbia na njia ya Munigi, watu wengi sana, magodoro ku kichwa, kuku, mabidon ya maji. Mimi nilikumbatia kopo ya maperle ya ndoa yake, mikono yote mbili. Kahindo alikuwa pembeni yangu, ananicheka: "Mama, ungebeba hata chungu! Hizi shanga tutazikula?" Nikacheka pia. Bunduki ikalia, watu wakasukumana. Kuangalia, hayuko. Kopo nilikuwa nayo. Hata perle moja haikuanguka.

Ku kambi ya wakimbizi ya Mugunga nikaanza kutunga. Kila mutu mupya mwenye alifika nilimuuliza: "Haukuona musichana murefu, iko na kovu ku kidevu?" Anasema hapana, nafunga fundo. Mwingine: "Hapana, mama, pole." Fundo. Siku mukufu ilifika urefu ya shingo yake, nikaacha kuuliza. Ile ya mwisho sikuifunga. Ni miaka saba sasa. Nilipopata hii kachumba yangu, musumari ya kuitundika njo kitu ya kwanza niligonga.

Sasa juzi Kasereka amekuja. Ananiita mama, sawa zamani. Alikaa, akaangalia viatu yake.

"Mama, nimengojea."

"Najua."

"Padri ameshatangaza mara mbili. Ndoa ni jumamosi, samedi hii."

"Hiyo pia najua, siko kiziwi."

Akasema bibi harusi ni Neema, mama yake alikufa kambini, hana mutu wa kumufungia mukufu. "Nataka wewe njo umufungie, mama. Ukisema hapana, narudi kwa padri, naacha."

Muone huyo! Amekuja kuniwekea ndoa yake ku mapaja, kama mutoto mwenye amejikojolea.

Kesho yake Neema akakuja yeye mwenyewe, mufupi, wa kucheka. Perle ya kioo ilikuwa inatoka Kampala. Sasa barabara imefungwa, soko iko na plastiki tu; ya kioo mimi nimebakia na ile ya Kahindo tu. Alikuwa amevaa ile plastiki, jua ikamupiga, rangi yote nyeupe ikabaki ku shingo. "Mama, uniangalie! Niko sawa mutu ametoka ku moulin ya kusaga mihogo!" Nikamupanguza na kitambaa. Kisha akainua macho.

"Na ile ya ku musumari, mama, ni ya nani?"

Kumbe Kasereka hakumuambia kitu juu ya Kahindo. Nikasema, "Ni ya mutu."

Akasema, "Iko na bahati, huyo mutu."

Sasa shida ni hii. Nikimupa, ni mimi nasema Kahindo amekufa. Na hakuna mutu aliniambia amekufa. Waliniambia tu hawakumuona. Kama anarudi kesho, akute bwana yake na mukufu yake kwa mwingine? Nikimunyima, Kasereka ataacha, na yule mutoto asiye na mama amekosa nini? Mama Aline anasema, "Ulie kwanza, mama, kisha utajua." Lakini mimi sijalia, tangu ile njia ya Munigi. Nasali, nakula, nafagia. Ndani iko kama mukono wenye umelalia: unauona ni wako, lakini hausikie. Hiyo njo inaniogopesha kuliko ndoa.

Na shingo ya Neema ni fupi. Hata nikitaka kumupa, lazima nipunguze perle, nifungue fundo na sindano, moja moja. Zile fundo ni wale watu wa Mugunga wenye walisema hapana.

Mukufu iko hapa ku mapaja yangu. Niliishusha ili Mama Aline aione tu. Sasa hivi ameacha kuandika, ananiambia: "Mama, angalia mikono yako."

Naangalia. Fundo tatu zimefunguka. Perle tatu ziko mu kitenge yangu. Sikusikia wakati mikono ilifanya vile.

Nyinyi wamama wenye mulipoteza mutoto bila kaburi, muniambie mbele ya samedi: hizi tatu nizifunge tena, ao niendelee kufungua? Muandike tu. Mama Aline atanisomea yote, hata matusi.