Mtoto Niliyemwigiza

Katika kikundi chetu cha maigizo kazi yangu ni kuchekesha. Kabla ya mchezo kuanza nashuka jukwaani, namchagua mtazamaji mmoja na kumwigiza: anavyokaa, anavyojipepea, anavyotafuna karanga. Sisi Wasukuma utani wa namna hiyo tumekua nao kwenye ngoma, na aliyeigizwa hutamba mtaani wiki nzima.

Siku hiyo, kwenye ukumbi tuliokodi Nyamagana, nilimchagua binti wa miaka kama tisa aliyekaa na mama yake mstari wa mbele. Ngoma zilipolia alikuwa akipungapunga viganja kwa kasi karibu na masikio, huku akitabasamu. Nami nikapunga vyangu. Ukumbi ukaangua kicheko, nikaongeza. Mtoto akageuka kuwatazama watu, kisha akaitazama mikono yake. Mama yake akamshika, wakatoka, nami nikawasindikiza kwa mzaha mwingine. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwalimu wa yule mtoto, ambaye naye alikuwepo ukumbini, alinifuata akanieleza kwamba binti ana usonji, na kwamba akipunga mikono hivyo ujue amefurahi. Nikawabembeleza wenzangu tuandae onyesho la mchana kwa watoto kama yeye: taa zibaki zinawaka, ngoma zipigwe kwa viganja badala ya fimbo, mlango uwe wazi, anayetaka kuzunguka azunguke. Kisha mwalimu akanipeleka Mkolani, nyumbani kwao, nikaombe radhi.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, nimekusamehe," alisema. "Ila tangu siku ile, akiona watu wengi anakalia mikono yake."

Nilijipa moyo kwamba onyesho letu litayamaliza. Mama na binti yake walikuja. Watoto wengine walizunguka wapendavyo, mmoja akapanda jukwaani akalala ubavuni mwa ngoma, na hakuna aliyekaripiwa. Yeye alikaa mstari wa mwisho, mikono chini ya mapaja, hadi tulipomaliza.

Mlangoni, mzee mmoja alimsimamisha mama wa yule binti.

"Hongera, mama. Mwanao ametulia kuliko wote."

Mama akamshukuru kwa adabu. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.