Mume Wangu Alimpa Mdogo Wake Neno Langu la Siri

Admin, ficha jina langu, maana ninaowasema wanausoma ukurasa huu kila siku. Na wasome.

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, naishi Kilole, Korogwe. Nasimamia mfumo wa kompyuta wa zahanati binafsi yenye matawi Korogwe, Kwashemshi na Mkata. Matawi yameunganishwa: mgonjwa akipimwa Mkata, majibu yanaonekana Korogwe. Kwa hiyo niliweka kizuizi. Programu mpya haiingii tawi lolote mpaka niikague na kuipa muhuri wangu wa kidijitali, unaofunguka kwa neno langu la siri tu, kwa sababu virusi vikiingia tawi moja vinasambaa kote.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko mapokezi Mkata. Akaleta programu ya bure aliyopakua mtandaoni, eti inaharakisha risiti. Nikaikagua, nikakuta ina virusi, nikaikataa. Akanicheka mbele za watu: "Shemeji, unajifanya serikali."

Haikupita wiki, faili za wagonjwa zikajifunga matawi yote. Asubuhi ileile, Kwashemshi wakamchoma mtoto sindano ya dawa inayomdhuru. Onyo lilikuwa kwenye faili yake, na faili haikufunguka. Nilifika huko kushughulikia kompyuta, nikamkuta amevimba uso mzima, mama yake amekaa sakafuni analia, "Mwanangu hapumui!" Mungu ni mwema, alikimbizwa hospitali akapona.

Nilipochunguza, nikakuta programu ile imepita kwa muhuri wangu mwenyewe! Neno la siri alikuwa nalo mtu mmoja tu zaidi yangu: mume wangu. Nilimpa nilipolazwa kujifungua, anitumie faili za kazi. Nikamuuliza. Wala hakukana.

"Mdogo wangu kaniomba. Ningemnyimaje?"

Sasa wanataka lawama nibebe mimi. Mume anasema, "Sema ulipitiwa. Wewe utapewa onyo tu, mdogo wangu atafungwa." Mama mkwe, ninayempigia magoti kila nikimwamkia, kaniambia, "Ukimtaja mwanangu, huna kwako hapa." Na huyo shemeji, pole hajatoa. Jana kaja kula kwangu, anapiga mluzi.

Kesho nahojiwa. Asije mtu hapa kuniambia nivumilie, eti ndoa ndivyo zilivyo. Kusema nitasema. Nipeni ushauri kwenye hili tu: nimtaje shemeji peke yake, au nimtaje na huyu ninayelala naye kitanda kimoja?