Patasi Iliyokosekana Ukutani

Fundi wa karakana ya shule, wanafunzi walimwita Mama Randa, alikuwa na mambo yake, na ole wako uyaguse. Kila kifaa alikichorea umbo lake ukutani kwa rangi nyeusi, na msumari wa kukitundikia. Kikishika kutu alikiloweka kwenye kopo la mafuta ya taa chini ya meza, na kwenye msumari akatundika kitambaa chekundu, asije akasahau. Wanafunzi walimtania kwamba hata marehemu mumewe alikuwa na msumari wake. Naye alicheka nao. Miaka kumi na tisa hakupoteza hata bisibisi.

Jumatatu hiyo, saa kumi jioni, patasi moja haikuwepo. Umbo lipo, msumari mtupu.

Moyo ukamlipuka. Maana asubuhi wasichana wawili walikuwa wamegombana palepale kwenye meza ya kazi, na mmoja, yule mrefu mwembamba aliyeitwa Sindano, alimwambia mwenzake mbele ya darasa zima, "Leo utanitambua, subiri tu!" Alitetemeka kwa hasira mpaka msumeno ukamteleza, ukamkata kidole. Mama Randa alimfunga kwa kitambaa cha kwanza alichokigusa, huku akimgombeza na kumpuliza kwa pamoja. "Mdomo mrefu, akili fupi! Tulia hapo."

Sasa amesimama ofisini kwa mwalimu mkuu. Shuleni pale matusi, utoro na ngumi viliishia kwa mwalimu mkuu na wazazi. Lakini chenye makali kikipotea, na mtu ametishiwa, ilikuwa polisi, mradi fundi athibitishe.

"Begi lake tumelikagua, hamna kitu," mwalimu mkuu alisema, mkono juu ya simu. "Fundi, una uhakika? Nikishawaita, siwezi kuwarudisha. Au tukae naye kwanza, tuongee?"

Jamani! Aliogopa kusema ndiyo, akaogopa kusema hapana. Miaka mitatu nyuma aliona kisu kwenye begi la mwanafunzi, akamhurumia, akanyamaza. Kesho yake mtoto wa watu akashonwa shavu, nyuzi kumi na moja. Mpaka leo akiliona shavu lile mtaani hubadili njia.

"Piga," akasema. "Nimeangalia mara tatu. Kwenye vifaa vyangu mimi sikosei."

Askari wawili walimkuta Sindano akifagia darasa. Wenzake wakajibanza ukutani. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

"Sijachukua kitu! Fundi, waambie! Si unanijua mimi?"

Mama Randa akatazama chini. Hakuwa na uso wa kumtazama. Alipoinua macho, Sindano alikuwa anapandishwa garini, anajifuta machozi kwa mkono wenye kidonda. Kidole kimefungwa kitambaa chekundu.

Loo! Kitambaa kile alikitoa wapi asubuhi, kama si kwenye msumari? Akakimbilia karakana, akapiga magoti, akazamisha mkono kwenye kopo. Patasi ilikuwa mle, tangu Ijumaa, alimoiweka mwenyewe.

Gari lilikuwa limeshaondoka. Akalifuata kwa miguu, mwanamke wa miaka hamsini na nne, aproni kiunoni, patasi inachuruzika mafuta mkononi. Watu wakampisha njia.

"Mama, weka silaha chini!" askari wa mlango wa kituo akafoka.

Akaiweka sakafuni. "Ni mimi," akasema. "Niliiloweka mwenyewe nikasahau. Mtoto hana kosa. Mwachieni, nawaomba, nifungeni mimi."

Hawakumfunga. Walimwandikisha maelezo, taratibu, kurasa mbili nzima, wakati mama yake Sindano, aliyekuwa ameitwa kituoni, amekaa kwenye benchi, hamtazami. Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa. Sindano akatoka miguu mitupu, viatu mkononi.

Mama Randa akanyoosha mikono. "Mwanangu, njoo. Nisamehe."

Msichana akarudi nyuma. Akaenda kujificha mgongoni kwa mama yake, na urefu wote ule, akamvuta nguo.

"Mama, twende," akanong'ona. "Twende kabla hajawaambia kitu kingine."