Betri Nne za Redio

Katika chuo cha kilimo kilichoko nje kidogo ya Mpanda mjini, mwanafunzi mpya akishaonyeshwa kitanda chake hupelekwa kwa Mwalimu Hilaria aulizwe maswali mawili. La kwanza, kwenu ni wapi. La pili, watani zenu ni akina nani. Wengi hujibu la kwanza upesi, na la pili hucheka, wakidhani mwalimu anawapima akili. Hilaria hacheki. Anaandika kwenye daftari lake la jalada gumu, anageuza kurasa, halafu anaita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili na kumwambia: huyu ndiye pacha wako, mwonyeshe bomba, mwonyeshe maktaba, usimwache ale peke yake.

Kwenye makaratasi mpango huo unaitwa Ulezi Rika kwa Mwaka wa Kwanza. Wanafunzi wanauita mapacha, na jina lao ndilo lililoshika. Hilaria anauendesha mwaka wa tisa sasa, juu ya vipindi vyake vya elimu ya udongo, na hakuna aliyewahi kumwomba auanzishe. Watu wengi wangempa mgeni mtu wa kwao. Yeye amekataa tangu mwanzo. Mtu wa kwenu, anasema, atakuonea huruma, ukitoroka kipindi atakufichia, na nyumbani atapeleka maneno matamu tu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia unanuka, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mkuu wa chuo alipomtaka aeleze kwenye ripoti vigezo vya kuwapanga wanafunzi, aliandika "vigezo vya kijamii", na mkuu akaridhika, kwa sababu ripoti ziliumbwa ziridhishe.

Lakini msije mkadhani huyu ni mama wa huruma. Mtoto wa watu akija kumlilia kwamba chuo kimemshinda, Hilaria humsikiliza mpaka mwisho kama anayesubiri maji yachemke, humpa kiti, humpa maji, huandika jina na tarehe, halafu hufanya kinachotakiwa kufanywa. Hakosei, ila hakuna aliyewahi kumwona akilia, wala akicheka mpaka jino la mwisho. Walimu wenzake humwita mwanamke jiwe, asipokuwepo. Wasichokijua ni kwamba hata yeye mwenyewe hujikagua. Akienda msibani hukaa na wanawake chini, akajisikiliza, kama mtu anayeubonyeza mguu wake uliokufa ganzi. Hasikii kitu. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na minane.

Mwaka 2006 alikuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja cha mbali, huko mashariki, na ilikuwa wiki ya mitihani. Nyumbani kwao Kasekese baba yake aliugua siku tatu, ya nne akafariki. Ndugu wakakaa wakakubaliana mtoto asiambiwe, atavurugikiwa. Kwetu huo hauhesabiwi ukatili. Unafanywa kila mwaka, na unafanywa na watu wanaowapenda watoto wao. Basi Hilaria akafanya mitihani yake, akamaliza, akapanda treni na betri nne kubwa za redio kwenye begi, maana baba yake alikuwa na redio asiyotaka mtu aiguse, na betri za madukani kwao alisema hazifiki hata taarifa ya habari ya saa mbili.

Alifika wiki tatu baada ya maziko. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, mvua ilikuwa imeshalipiga kaburi likaanza kutitia, na vichwa vilivyonyolewa vilikuwa vimeota nywele. Wakamkalisha, wakamwambia, wakamsubiri alie. Hakulia. Alitazama huku na huku atafute wa kulia naye, hakumpata, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshamaliza. Akaziweka betri mezani, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Betri hizo anazo mpaka leo, ndani ya mfuko wa nailoni kwenye droo ya meza yake ya ofisini. Zimevuja zikatoa unga mweupe. Hajui kwa nini hazitupi, na hajawahi kulitafakari.

Sasa mwaka huu, miongoni mwa waliopokelewa alikuwepo Jeniffer, binti wa Kifipa kutoka Majimoto, ambako babu zake walihamia kufuata mpunga. Hilaria alimpa pacha anayeitwa Aneth, Mnyamwezi wa upande wa Ugalla, mrefu, mwenye mdomo usiojua likizo. Kwa mwaka mzima wawili hao waligombana mbele za watu mpaka wapishi wakawa wanawasubiri. Aneth alidai ukoo mzima wa Jeniffer ni mali yao, babu yake aliununua kwa jembe moja, tena halina mpini. Jeniffer, ambaye siku ya kwanza alikuwa akiongea na viatu vyake, alifika mahali akajibu bila hata kuacha kutafuna kwamba jembe lenyewe walifua Wafipa, Wanyamwezi walichojua ni kubeba tu. Hivyo ndivyo msichana yule alivyokaa chuoni.

Ikafika Julai, mitihani ya mwisho wa mwaka. Mwaka wa pili walimaliza Jumatano. Mwaka wa kwanza walibakiwa na karatasi mbili, ya Ijumaa asubuhi na ya Jumatatu. Alhamisi saa sita mchana Aneth aliingia ofisini kwa Hilaria, akafunga mlango, akabaki amesimama.

Mama yake Jeniffer alikuwa amefariki Jumatano alfajiri. Presha ilimwangusha uani, hakuamka. Baba mdogo wa Jeniffer, Mzee Makarius, alikuwa amempigia Aneth simu asubuhi ileile, kwa kuwa wazazi wote hupewa namba ya pacha, hiyo ni sheria ya Hilaria mwenyewe. Mazishi Ijumaa saa nane. Mtoto asiambiwe mpaka Jumatatu, akishatoka kwenye karatasi ya mwisho. Aneth alikuwa ameapishwa, na tangu jana alikuwa amelala na kiapo hicho kitanda cha jirani na Jeniffer.

Hilaria alimpigia mzee simu. Mzee Makarius alikuwa mtu mwema na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Akaeleza taratibu kwamba marehemu ndiye aliyetaka mtoto asome wakati ukoo mzima unasema aolewe, kwamba alijinyima kwa ajili ya hizo karatasi mbili, na kumvuruga mtoto sasa ni kumzika mama mara mbili. Hilaria alijisikia akijibu.

"Sawa, baba. Nimekuelewa."

Akafungua daftari akaandika mbele ya jina la Jeniffer: Msiba. Aambiwe Jumatatu. Mwandiko ulitoka mzuri, umenyooka. Hapo ndipo mimi ninayesimulia ninapomlaumu, kwa sababu aliyeungua ndiye anayeujua moto, na yeye alimsogezea mwenzake kiti karibu na jiko. Lakini ganzi ndivyo ilivyo. Aneth aliuliza afanye nini sasa. Akaambiwa aendelee kama kawaida.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa tena. Alikuwa Jeniffer, na madaftari ya kujisomea kifuani. Alisalimia vizuri, shikamoo mwalimu, akakaa pale alipoonyeshwa, akasema amekuja kuomba abadilishiwe pacha.

Hilaria akachukua kalamu. Akauliza sababu.

"Tangu jana hanitanii," Jeniffer alisema. "Ananiita Jeniffer. Mchana huu kanimenyea na yai."

Kalamu ikasimama. Jeniffer alikuwa akitazama ukingo wa meza, na aliongea kwa upole, kama anayesoma swali la mtihani kwa mara ya pili. Alisema alidhani Aneth amekasirika, akamchokoza kwa makusudi, akamwambia Wanyamwezi hawajui hata kulima, wanakunja tu mgongo wapigwe picha. Aneth akamjibu, pole mdogo wangu, soma. Ndipo akakaa akawahesabu watu wa kwao mmoja mmoja. Akampigia mama simu, ikapokewa na baba mdogo, akaambiwa mama yuko shambani. Mpunga ulishavunwa Juni.

"Sitaki pacha mwingine, mwalimu," akasema. "Nataka mtu aseme."

Hilaria alimtazama. Nyumbani Kasekese siku ile, akikumbuka, walimkalisha hivihivi, kwenye kiti kisicho na mgongo, na yeye pia alitazama ukingo wa meza. Hakusikia kitu chochote kifuani. Aliyafungua maneno kwa mkono tu, kama mtu anayefungua gunia.

"Mama yako amefariki jana alfajiri," alisema. "Anazikwa kesho saa nane. Tumekuficha, na mimi nilikubali."

Msichana aliinama. Aliyaweka madaftari sakafuni, akayapanga vizuri. Kisha akauliza jambo moja.

"Nitawahi?"

"Utawahi," Hilaria alisema. Neno hilo, mwaka ule, hakuna aliyemwambia yeye.

Mengine yalikwenda haraka, maana kazi za mikono ndizo alizoziweza. Aliandika barua ya kuahirisha karatasi mbili hadi Septemba, akaipeleka kwa mkuu wa chuo mwenyewe. Mkuu alikumbusha kwamba kwa kuahirisha, binti atachelewa kwenda mafunzo ya vitendo na wenzake, huenda akasubiri muhula mzima. Jeniffer aliambiwa hilo pia, akasaini. Ijumaa alfajiri pikapu ya chuo iliwachukua watatu, Hilaria mbele na dereva, mapacha nyuma kwenye kiti chembamba. Wakapita Sitalike, wakakatiza mbugani, jua likawakuta Kibaoni. Aneth hakufungua mdomo njia nzima.

Mzee Makarius aliwapokea nje ya wigo. Wanawake walimchukua Jeniffer ndani, na kilio kilichotoka huko kilikuwa cha watu wengi kwa pamoja. Mzee akabaki na Hilaria, akamwambia kwa heshima kwamba walikuwa wamekubaliana.

"Tulikubaliana, baba," Hilaria alisema. "Neno letu nimelivunja mimi. Mtoto hana kosa."

Mzee akamwambia akae kivulini, kuna uji.

Saa nane, Katekista Ponsian alipomaliza sala na vijana walipotaka kulishusha jeneza, Aneth alitoka katikati ya wanawake, akaenda kukaa juu ya kifusi cha kaburi na miguu yake mirefu ameinyoosha mbele. Watu wakamtazama mgeni huyu. Akasema kwamba mama huyu hazikwi. Huyu ni mali yao, amenunuliwa kwa jembe, na hawezi kuingia ardhini kabla hajaulizwa mwenye mali.

Wazee walielewa, mmoja akaguna kwa kuridhika, maana msiba ulikuwa umekosa mtani tangu asubuhi. Jeniffer alikuwa ameshikiliwa mabega na shangazi zake. Akanyanyua uso uliovimba.

"Jembe tulilifua sisi," alisema, na kicheko kikamtoka, na nyuma ya kicheko kikaja kilio ambacho hata shangazi hawakuweza kukishika. Aneth aliondoka kwenye kifusi akaenda kumdaka, wakaanguka wote wawili kwenye udongo.

Hilaria alitupia konzi yake ya mchanga zamu yake ilipofika. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, mwekundu kwa chini, aliutambua bila kutaka. Macho yalikuwa makavu. Ila kitu kilikuwa kimeanza kumchomachoma, mahali asipoweza kupataja, na hakikuwa kitu cha kupendeza, akatamani kiache. Hakikuacha.

Jumapili jioni, wakirudi chuoni bila Jeniffer, Aneth alimuuliza Hilaria, macho yake yakiwa dirishani, watu wa kwao, Wabende, watani zao ni akina nani. Hilaria akasema hajui, hajawahi kuhitaji. Aneth akasema Mnyamwezi alipita kila mahali na mzigo kichwani, kwa hiyo kila mtu ni mali yao, na kwamba yeye hana kitu cha kufanya likizo hii.

Jumatatu, wakati mwaka wa kwanza wako kwenye karatasi ya mwisho, Hilaria aliingia kwa afisa utumishi, Benedikto, na fomu ya ruhusa ya siku tatu. Kwenye begi lake kulikuwa na mfuko wa nailoni. Benedikto aliisoma fomu mpaka kwenye sababu, msiba wa baba, Kasekese, akaweka miwani mezani, akainuka kumpa mkono.

"Pole sana, mwalimu. Sikujua. Mzee amefariki lini?"

"Mwaka elfu mbili na sita," Hilaria alisema. "Nimechelewa."

Akaupokea mkono, na maji yakaanza kumshuka usoni hapohapo amesimama, bila sauti. Benedikto alirudi mezani. Alichukua muhuri, akagonga fomu, akamsogezea kiti. Nje dirishani Aneth alikuwa ameketi kwenye ngazi na mkoba wake, akimngoja.